Bima Hailipi Kilichopotea

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika mlango wa kabati, kabati tupu, laptop ya mwanangu haimo. Ujumbe mlionitumia ni mwingi. Msomaji mmoja kaniandikia bila hata salamu: "Mama, unatuzungusha bure, mwizi si huyo wifi yako?"

Haya. Kama na wewe ulifikiri hivyo, sogea tukae benchi moja. Mimi ndiye niliyetangulia kukosea.

Kwa aliyechelewa: mimi ni fundi wa makochi. Nabadilisha vitambaa, nakaza springi, napiga pini. Mume wangu anaendesha gari la kusambaza mikate. Mtoto tunaye mmoja tu, binti, yuko kidato cha mwisho, na kwa jinsi asivyokosa jibu tunamwita Profesa. Shule yao ilitoa sharti: kila mwanafunzi apeleke kazi ya mwaka iliyoandikwa kwa kompyuta, mwisho Ijumaa hii. Asiyepeleka, mtihani wa mwisho hafanyi.

Nikachukua laptop dukani kwa malipo ya kila mwezi, mwaka mzima, na bima juu yake, maana bila bima duka halikuruhusu kutoka na mzigo. Malipo ya mwezi wa nne tu, laptop ikayeyuka kabatini. Mlango mzima, dirisha zima, kufuli zima. Na ndani ya nyumba tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, Profesa, na wifi yangu aliyekuja kwa wiki mbili, akamaliza miezi mitatu.

Jumatatu nikaenda ofisi ya bima.

Ni chumba kimoja juu ya duka la miwani. Meza moja, feni moja, na kochi la wageni ambalo, Mungu anisamehe, lilinikera kuliko shida yangu. Pini zimepigwa upogo kama aliyezipiga alikuwa anakimbiwa na basi. Mezani alikaa mkaguzi wao, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, kucha fupi.

Akanipa fomu. Juu pameandikwa "kompyuta mpakato". Nikamuuliza mpakato ndiyo nini.

"Ndiyo laptop, mama. Kwa sababu unaipakata."

"Basi ya kwangu anaipakata mwingine."

Akacheka. Nikaona huyu tutaelewana. Penye "eleza kilichotokea" nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Laptop imepotea nyumbani.

Akasoma. Kicheko kikaisha.

"Mama, imepotea au imeibiwa?"

"Imepotea."

"Uliisahau mahali?"

"Sikuisahau. Ilikuwa kabatini."

"Ilidondoka?"

"Idondokeje, nawe, nimekwambia ilikuwa kabatini!"

"Sasa imepoteaje?"

Jamani, nimweleze vipi? Kwetu kitu kikichukuliwa na mtu wa nyumbani hakiibiwi, kinapotea. Ukisema "nimeibiwa" na mgeni wako yuko sebuleni anakunywa chai yako, umeshamtaja. Mama yangu mzazi alichukuliwa mashuka mapya mara tatu na shangazi yetu, na mpaka anaingia kaburini mashuka yale yalikuwa "yamepotea". Ndivyo tulivyolelewa.

Nikainama mezani, nikamnong'oneza: "Mwanangu, nasema imepotea kwa sababu aliyeichukua namjua."

Hakunong'ona yeye. "Mama, bima hailipi kilichopotea. Inalipa kilichoibiwa. Na kikiibiwa tunataka kuona mwizi alipoingilia. Mlango umevunjwa, kufuli limekatwa. Aliyechukua akiwa anaishi humo humo ndani, hapo pia hatulipi."

"Kwa hiyo heshima yangu ndiyo imeninyima laptop?"

"Si heshima, mama. Ni neno uliloandika." Akanisukumia fomu mpya. "Kaandike nyumbani, kwa kutulia. Lete na karatasi ya polisi, nami nitakuja kuona mwenyewe. Ila usiongope. Soma hapa chini. Ukiongopa bima inakufa, duka linachukua laptop popote itakapoonekana, na ulicholipa hakirudi."

Nilisoma pale chini. Nisije kusema baadaye sikusoma.

Nyumbani nikamkuta wifi amejilaza kwenye kochi langu la sampuli, lile ninalowaonyesha wateja, anakula karanga.

"Wifi, mbona umevimba hivyo? Kaka yangu hajaacha ya matumizi?"

Siku nyingine ningemrudishia utani wake. Siku hiyo nilimtolea uvivu.

"Wifi, laptop ya mtoto iko wapi?"

Karanga zikasimama mdomoni. "Unaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi. Nimesema imepotea na wewe upo."

Alimtazama kaka yake. Mume wangu alikuwa ameingia nyuma yangu, kainama mlangoni anavua viatu. Akavivua vile viatu kwa muda ambao ungetosha kuvishona.

Profesa akatoka chumbani mbio. "Mama, si shangazi! Haki ya Mungu si shangazi!"

"Nyamaza. Wewe unajua nini?"

Akaanza kulia. Wifi akainuka, akakusanya nguo zake kwenye begi, na mimi nikasimama mlangoni mikono kiunoni kama askari wa getini. Alipofika usawa wangu akasema kwa sauti ya chini: "Wifi, mimi ningekuwa na mdomo kama wako, nyumba hii leo isingekuwa na paa."

Nikaona ni ujeuri. Nikamwambia njia anaijua.

Sasa mwanamume aliyefukuziwa dada yake, wewe ulitegemea nini? Mimi nilijiandaa kwa vita. Nikaweka maneno yangu tayari, moja baada ya jingine.

Mume wangu akaosha vyombo.

Nasema akaosha vyombo! Mtu ambaye katika miaka kumi na minane ya ndoa hajui sufuria inakaa wapi, alisimama pale na sabuni mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza akaja akakaa karibu yangu.

"Mama Profesa, pole. Mambo ya dada yangu ni aibu yangu mimi."

Moyo ukanilainika hapo hapo. Mjinga mimi.

"Hiyo bima," akaendelea, "tumeilipa kwa jasho. Fomu andika imeibiwa."

"Mlango haukuvunjwa, baba. Wanakuja kuukagua."

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akautazama kama wa mchumba. "Mlango ni mbao tu. Na mbao gani haikutii wewe? Mji huu una fundi mwingine mwenye mkono kama huu?"

Kilemba cha ukoka, nikakivaa mpaka kikanifunika macho. Nikacheka. Msomaji, nilicheka, nikampiga kibao cha bega, nikamwambia aache utani. Mpaka leo, katika yote yaliyofuata, kinachoniuma zaidi ni kile kicheko.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nimeahidi kuisema yote.

Jumanne saa nne asubuhi, Profesa shuleni, mume kazini, nilijifungia ndani. Nikatoa patasi yangu bapa, ile ninayong'olea pini, nikakaa chini mbele ya mlango wangu mwenyewe. Sikufanya haraka. Nikachokonoa penye kufuli taratibu, nikainua ubao kidogo kidogo mpaka kufuli likaachia. Nikafagia vumbi la mbao. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo nalo lilinitisha.

Nikaenda polisi. Askari wa zamu aliandika wizi wa kuvunja bila kuinua kichwa, akagonga muhuri. Nikapitia ofisi ya bima, nikaacha fomu. Penye kilichotokea niliandika neno moja tu: Imeibiwa.

Profesa aliporudi akasimama mlangoni.

"Mama, nani kavunja?"

"Mwizi."

Akautazama mlango, akanitazama mimi. "Laptop imetoweka wiki iliyopita. Asubuhi nilipoondoka mlango ulikuwa mzima. Mwizi kavunja leo, kaiba wiki iliyopita?"

"Profesa, nenda kale."

"Mama, usipeleke hiyo fomu."

"Nimeshapeleka. Unataka laptop au hutaki? Unataka mtihani au hutaki?"

"Nataka."

"Basi niachie mimi."

Akaenda chumbani bila kula. Kazi yake, alikuwa ameniambia, anaiandika shuleni kidogo kidogo kwa vifaa vya huko, hajui kama itakamilika, na mimi sikuwa na nafasi ya kuuliza vifaa gani. Nilikuwa na mlango kichwani.

Alhamisi saa tisa mchana mkaguzi akaja. Mume wangu siku hiyo hakwenda kazini. Alivaa shati la pasi, akamkaribisha mgeni kwa mikono miwili, akamwita dada. Profesa alikuwa ameshatoka shule, amesimama karibu na pazia, hajavua hata sare.

Mkaguzi hakutaka maji wala chai. Alichuchumaa mlangoni, akapitisha kidole. Akatoka nje, akavuta mlango, akaukagua kutoka huko. Akaingia tena. Akawasha tochi ya simu akaelekeza penye kufuli.

"Mama, njoo uone na wewe."

Nikaenda.

"Huu mlango kwa nje hauna hata mkwaruzo. Uko kama ulivyotoka kwa seremala. Alama zote ziko huku ndani." Akanitazama. "Huyu mwizi wako alivunja ili aingie, au alikuwa ndani anatafuta pa kutokea?"

Nikainama, nikagusa zile alama.

Miaka ishirini, jamani! Miaka ishirini ninavua makochi ya watu, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba fundi haharibu uso. Ukivua kochi unaanzia upande usioonekana, mbele pasiguswe, mwenye mali asije akalia. Mkono wangu ukafanya vile unavyojua. Nimevunja mlango wangu kwa adabu, nikautunza uso wake ili watu wapitao wasione vibaya.

"Na aliyefanya alitumia patasi bapa," mkaguzi akasema, "na hakuwa na haraka. Mama, kazi yako ulisema ni ipi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mume wangu alikuwa ameshasema.

"Dada, mimi nilimkataza huyu."

Huyu! Juzi nilikuwa fundi asiye na mfano mjini. Leo mimi ni huyu.

"Nilimwambia ni hatari," akaendelea, hata hanitazami, "lakini kichwa chake unakiona mwenyewe. Mimi simo."

"Baba Profesa!" nikasema. "Wewe? Wewe uliyeosha vyombo?"

Mkaguzi akainua mkono. "Ya vyombo mtayamaliza wenyewe. Nisikilizeni." Alikaa kwenye ncha ya kiti, faili mapajani. Sauti yake haikuwa mbaya, ndiyo maana ilinitisha. "Mimi si askari. Nimeona wazazi wengi wakihangaika na shule. Kama hiyo laptop iko mahali mnapopajua, niletewe kabla sijafunga, saa kumi na moja. Itakaa kwangu mpaka Jumatatu duka waje waihakiki, mimi nachana fomu, mambo yanaisha. Saa kumi na moja ikipita, naandika nilichokiona mlangoni. Bima inakufa, mama unaitwa polisi kwa kuongopa, na duka wanaifuata mali yao."

"Ningekuwa najua iko wapi ningevunja mlango wangu?" Nilikuwa nimeanza kulia na sikujali nani ananiona. "Mwanangu mtihani wake ndio huo unaondoka! Kesho ndiyo mwisho! Nitaitoa wapi mimi?"

"Ipo," akasema Profesa.

Wote tukageuka.

"Profesa," baba yake akasema, "ingia chumbani."

"Baba, ulisema siku mbili."

"Nimesema ingia chumbani!"

"Ulisema siku mbili tu, unairudisha kabatini mama hajajua. Mama akafungua kabati kabla. Ukasema ngoja atulie. Akamfukuza shangazi, ukasema ngoja atulie. Sasa anapelekwa polisi, nayo tungoje?" Mkono wake ulikuwa umeshika pazia. "Laptop haikupotea, mama. Wala haikuibiwa. Baba aliiazima. Na mimi ndiye niliyeitoa kabatini nikampa."

Nikashika kichwa cha kochi.

"Wewe? Wewe ndiye uliyempa? Umenitazama siku zote hizi nazunguka, nagombana, naharibu mlango, na wewe unajua?"

"Nilikwambia si shangazi."

Kweli, aliniambia.

"Haya, baba yako alimwazima nani?"

"Dada."

Unajua neno hili lilivyo. Kila mwanamke ni dada. Mkaguzi ni dada, muuza mboga ni dada.

"Dada gani? Dada wa saluni? Dada wa kazini kwao mikate? Sema!"

Profesa akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa amekaa. Sikumwona alipokaa. Shati lile la pasi limemkunjamana kifuani na macho yako sakafuni, na katika miaka kumi na minane sijawahi kumwona mdogo namna ile.

"Dada yangu, mama," Profesa akasema. "Mtoto wa baba. Tunakaa dawati moja."

Nikakiachia kichwa cha kochi, nikamgeukia baba yake.

"Mama Profesa," mume wangu akaanza, "nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Bima ikishalipa. Nilifikiri tukipata nyingine, kila mtoto atakuwa na yake, halafu taratibu nitakueleza."

Basi nikaelewa. Vyombo, na pole, na mkono wangu kugeuzwa kama wa mchumba. Hakutaka bima inifidie mimi. Alitaka mikono yangu iwanunulie watoto wake wawili, na mmoja wao mimi simjui hata sura. Na dada yake alibeba begi lake na jina la mwizi ili kumsitiri, na mimi nilisimama mlangoni nikimwonyesha njia.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza mwanangu. Sikutaka kumuuliza yule.

"Mwaka jana. Mwalimu alituuliza kama ni ndugu. Jina la baba ni moja, na tunafanana. Tukamuuliza baba."

"Na ukanificha mwaka mzima."

"Ungemfukuza baba."

Nilitaka nimpige kofi. Nilitaka pia nimkumbatie. Sikufanya lolote, maana nilijua kasema kweli, ningemfukuza, tena bila viatu.

Mkaguzi alikuwa ameinuka, faili kwapani. Haya hayakuwa mambo yake na alijua. Akatazama saa ya ukutani: saa kumi kasoro robo.

"Binti," akasema kwa upole, "laptop iko wapi hivi sasa?"

"Maktaba ya shule. Anaandika."

"Ni mbali?"

"Nikikimbia nafika na kurudi kabla ya saa kumi na moja."

"Basi kimbia," nikasema mimi. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtu mwingine, kavu. "Mali ni yangu, nailipa mimi, na polisi naitwa mimi. Kimbia ukailete."

Profesa akafika mlangoni, akashika ubao nilioupasua, akasimama. Akageuka.

"Mama, mimi kazi yangu nilimaliza jana. Dada alinipisha nitangulie, nikaihifadhi kwenye flashi, iko kwenye begi. Yeye bado hajafika nusu, na mwisho ni kesho asubuhi."

Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mwalimu akingoja jibu.

"Na mama yake dada hajui lolote, kama wewe ulivyokuwa hujui. Nikifika, nimwambie dada kwamba umesema wewe nimnyang'anye?"